Sahani ya Mfiwa: Njia Nne za Kulisha Kilio Goma na Rutshuru

Mtu akifariki Goma, ua hujaa kabla jua halijazama. Viti vya plastiki vinaletwa, shitingi inafungwa kwenye miti, nyimbo zinaanza. Na kabla familia haijajua maiti atazikwa lini, kuna mtu atamwinamia mjane na kumnong'oneza: "Mama, watu watakula nini?" Swali ni la haki, ila linamfikia mtu asiyeweza kulijibu. Anayejibu akiwa na uchungu hujibu kwa deni: ng'ombe wa mkopo, kreti za bia za mkopo, mpishi anayelipwa nusu leo na nusu kwa ahadi. Wiki mbili baadaye shitingi imerudishwa kwa mwenyewe, wageni wametawanyika, na mjane yuko mbele ya mbabula isiyo na moto, wadai wakigonga mlango.

Hapa nimelinganisha njia nne ambazo familia za Goma na Rutshuru hutumia kulisha kilio. Ushauri wangu nauweka mwanzoni, kwa kuwa huenda unasoma ukiwa msibani na huna muda. Siku ya mazishi, toa sahani rahisi inayoshibisha. Fedha itakayobaki ipeleke kwenye siku zinazofuata, pale ua unapokuwa mtupu. Na katika njia yoyote utakayochagua, wafiwa wasishike mwiko.

Nilivyolinganisha

Sikuandika bei kwa faranga wala kwa dola. Bei za Goma hufuata barabara. Njia ya Rutshuru ikizibwa asubuhi, maharagwe ya soko la Virunga yanaweza kupanda kabla ya jioni. Bei ya leo ingekudanganya wiki ijayo. Nimehesabu kwa kilo, lita na sahani, vipimo ambavyo vita haviwezi kuvipandisha. Wewe utaweka bei ya asubuhi hiyo ya soko lako, liwe Virunga, Alanine au Kiwanja.

Kila njia nimeiuliza maswali matatu. Sahani moja inagharimu kiasi gani, makala, maji, usafiri na kazi ya mikono vyote vikihesabiwa? Nani anabaki jikoni? Na katika fedha yote iliyotumika, ni kiasi gani kinafika kinywani mwa mfiwa mwenyewe?

Swali la tatu ndilo tunalolisahau, na ndilo lililonifanya nitazame kwa Wayahudi.

Vikapu vya aina moja

Kongo ina Wayahudi wake. Wengi wa waliojenga jumuiya ya Lubumbashi, enzi hizo ikiitwa Élisabethville, walitoka kisiwa cha Rhodes. Sinagogi lao lilijengwa mwaka 1930, na kuanzia 1937 rabi Moïse Levy aliwaongoza kwa miongo mingi. Mwezi Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi wa Rhodes na kuwapeleka Auschwitz. Jamaa zao waliokuwa Kongo walilia watu wasio na kaburi, kama ambavyo familia nyingi za Rutshuru zimelia tangu 2022 zikiwa ukimbizini, mbali na makaburi ya wazee wao.

Desturi ya Kiyahudi ya msiba ina sharti moja ambalo kila familia ya Goma ingelielewa: mlo wa kwanza baada ya kutoka makaburini, mfiwa hali chakula chake mwenyewe. Majirani ndio wanaoleta. Walimu wao walilitoa jambo hili katika kitabu cha Ezekieli, pale nabii alipoambiwa, tofauti na watu wengine, asile mkate wa watu baada ya kufiwa na mkewe. Wakasema: basi wengine wote hula mkate wa watu. Kwa siku saba familia hukaa nyumbani, watu wanakuja kuomba nao, na wanaokuja hawatarajii karamu. Wao ndio wanaobeba.

Chakula chenyewe ni cha bei ndogo: mayai ya kuchemsha, mkate, dengu. Msomaji wa Biblia anaujua mchuzi wa dengu ambao Esau aliuzia haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema Yakobo alikuwa jikoni siku hiyo kwa sababu babu yao Ibrahimu alikuwa amefariki, na dengu zile alimpikia baba yake Isaka, mfiwa.

Talmudi, kitabu chao kikubwa cha sheria na mafundisho, inasimulia kwamba hapo zamani matajiri walipeleka chakula kwenye msiba katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini katika vikapu vya matawi ya mierebi yaliyobanduliwa maganda. Maskini waliona haya. Wazee wakaamua kuwa kila mtu, tajiri kwa maskini, apeleke kwa kikapu cha mierebi. Kitabu hichohicho kinasema gharama za mazishi zilifikia kuwa nzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, hata wengine wakawa wanaiacha maiti na kukimbia. Ndipo Rabani Gamalieli, kiongozi mwenye heshima kubwa, alipoagiza azikwe kwa nguo nyepesi ya kitani, na watu wote wakamfuata.

Uislamu nao una agizo linalofanana. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Mu'ta mwaka 629, Mtume aliwaambia watu waipikie familia ya Jaafar, maana imepatwa na jambo la kuishughulisha. Kwa mapokeo yote mawili, chakula kinakwenda nyumbani kwa mfiwa. Sisi tumefika mahali ambapo kinatoka kwake.

Njia ya kwanza: kupika nyumbani

Hii ndiyo inayochaguliwa zaidi, na wengi huiita ya bure. Sufuria kubwa zinaazimwa, mawe matatu yanawekwa nyuma ya nyumba, unga na maharagwe vinanunuliwa kwa jumla. Ukitazama fedha peke yake, hakuna sahani iliyo rahisi kuliko hii.

Lakini tazama walioko jikoni: binti wa marehemu, mke wa kaka, mkwe aliyefika jana kutoka Kiwanja na mtoto mgongoni. Wote ni wafiwa. Wanaume wamekaa mbele wakipokea pole. Wanawake hawa wako nyuma, machozi yao watu wanadhani ni ya moshi. Wanalala saa saba za usiku na kuamka saa kumi kuchemsha chai. Hiyo ni gharama, ila haiandikwi kwenye daftari la matumizi.

Kuna gharama nyingine mbili zinazosahauliwa. Ya kwanza ni makala. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yanachukua muda mrefu kuiva kuliko pwani. Yaloweke usiku kucha, yapikwe kwa maji mapya, ufunike sufuria. Muda wa moto unaweza kupungua karibu nusu. Maharagwe mapya, yale yanayovunwa kuanzia Desemba hadi Januari na tena Juni hadi Julai, huiva mapema kuliko ya ghala. Wenye umeme wa Matebe, kituo cha umeme wa maji kilichojengwa Rutshuru na kuanza kazi 2015, wapige hesabu ya jiko la umeme au sufuria ya mvuke. Kwa maharagwe, mara nyingi linashinda makala, na mti mmoja wa hifadhi ya Virunga unabaki umesimama.

Ya pili ni maji. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, visima ni vigumu kuchimba, na maji mengi hutoka ziwani. Kipindupindu hakijawahi kuihama Goma. Mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Maji ya kilio yatiwe dawa au yachemshwe, na ndoo ya bomba na sabuni iwe mlangoni, kama tulivyozoea wakati Ebola ilipofika mjini Julai 2019. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kilio cha pili.

Hukumu: nafuu kwa fedha, ghali kwa miili ya wanawake wa nyumba. Ichague ikiwa tu wapishi si wafiwa wa karibu.

Njia ya pili: mpishi wa kukodi

Goma ina watoa huduma wengi wa karamu, wanaojulikana kwa jina la Kifaransa, *traiteur*. Wanakuja na masinia yenye moto chini yake, wahudumu wenye sare, sahani za udongo, wakati mwingine hema na viti pia. Bei yao ni ya kila sahani.

Faida yake kubwa ni kwamba familia nzima inakaa. Hakuna binti aliye jikoni. Kwa nyumba ya watu wachache, au iliyofiwa na mama ambaye ndiye alikuwa nguzo ya jiko, hilo ni jambo kubwa, na hakuna haja ya kulionea aibu.

Hasara yake iko kwenye maandishi madogo, au kwenye kutokuwepo kwa maandishi. Kabla ya kutoa hata faranga moja, mtume mtu asiye na uchungu mwingi, shemeji au rafiki wa familia, akaulize haya:

– Sahani moja ina nini ndani yake, na kipande cha nyama au samaki ni cha ukubwa gani?
– Idadi ndogo kabisa mnayokubali ni sahani ngapi?
– Wakija watu wachache kuliko tulivyoagiza, tunalipa ngapi? Wakizidi?
– Usafiri, wahudumu, maji ya kunywa na vyombo vitakavyovunjika viko ndani ya bei au nje?
– Mazishi yakiahirishwa kwa sababu ya mvua, barabara au risasi, malipo ya awali yanakuwaje?
– Chakula kitakachobaki ni cha nani?

Usilionee haya swali la mwisho. Niliwahi kuona, katika kilio kimoja mjini, masinia ya wali na samaki yakipakiwa kwenye gari kurudi yalikotoka, huku watoto wa marehemu wakiwa hawajala tangu asubuhi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwapakulia. Familia ilikuwa imelipia kila punje ya wali ule. Jambo hilo lingezuiwa na sentensi moja kwenye karatasi: chakula kinachobaki ni cha nyumba, na sahani kumi za kwanza ni za wafiwa.

Fikiria pia kumkodi mpishi bila mapambo yake. Wengi watakubali kuja kupika kwa vyakula ulivyonunua wewe, wakilipwa kazi ya mikono tu. Unapoteza sare na masinia ya kung'aa, unabaki na kilicho muhimu: mikono isiyo na msiba.

Hukumu: ndiyo ghali kuliko zote kwa sahani, lakini inawapumzisha wafiwa. Inafaa kwa mlo mmoja, yaani siku ya mazishi. Kuilipia siku tatu mfululizo ni kuwanunulia watoto wa marehemu deni.

Njia ya tatu: sahani kutoka mgahawani

Kila mtaa una mama anayeuza chakula: bugali, sombe, maharagwe, sambaza, samaki wa Thomson. Watu wachache huwafikiria wakati wa kilio, na hapo ndipo tunapokosea. Kwa wageni 200 hawawezi. Kwa watu 12 waliobaki ndani baada ya maziko wanaweza kabisa.

Fanya hivi. Wewe jirani au mfanyakazi mwenzake marehemu, nenda kwa mama huyo, mlipe sahani sita za mchana kwa siku saba, mwambie nyumba gani apeleke. Chakula kinafika cha moto, hakihitaji makala, hakihitaji mtu kuosha sufuria kubwa. Bei ya sahani moja ni kubwa kuliko ya kupika, lakini hakuna sahani inayokwenda kwa mgeni asiye na njaa. Kila unacholipa kinafika kinywani mwa mfiwa.

Hukumu: bora kwa siku za baada ya mazishi, na bora kwa mtu anayetaka kusaidia ila hana muda wa kupika.

Njia ya nne: zamu ya majirani

Njia hii ni ya zamani kuliko zote, na bado inafanya kazi pale penye mpangilio. Goma na Rutshuru mpangilio upo tayari: nyumba kumi, shirika la Wakatoliki, chumba cha akina mama cha makanisa ya Kiprotestanti, jamaa wa msikiti, vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo vina mfuko wa dharura kwa mwanachama aliyefiwa. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi moja yenye majina.

Andika siku kwenye karatasi, weka nyumba mbili kwa kila siku: moja chai na uji wa asubuhi, nyingine chakula cha jioni. Kwa siku saba unahitaji nyumba kumi na nne tu. Kila nyumba inapika sufuria moja, kwenye jiko lake, kwa makala yake, na kuipeleka. Gharama ambayo ingemwangusha mtu mmoja inagawanyika hadi hakuna anayeihisi sana.

Sharti ni moja, nalo ni lile la vikapu vya mierebi: mkubaliane sahani ya aina moja kabla ya kuanza. Kama nyumba ya kwanza italeta kuku na ya pili maharagwe, ya tatu itakopa ili ilete mbuzi, na ya nne itatafuta sababu ya kusafiri. Sema wazi tangu mwanzo: maharagwe, bugali, mboga. Mwenye uwezo zaidi na aongeze kimyakimya kwenye ada ya shule ya watoto wa marehemu.

Hukumu: ndiyo nafuu kwa mfiwa, ndiyo inayodumu, na kati ya zote nne ndiyo inayomweleza mfiwa kwamba hajaachwa.

Hesabu ya watu 100

Sasa tupige hesabu ya mlo mmoja wa siku ya mazishi kwa watu 100:

– Unga wa mahindi au muhogo: kilo 20 hadi 25
– Maharagwe makavu: kilo 10
– Mafuta: lita 2
– Vitunguu kilo 3, nyanya kilo 4, chumvi nusu kilo
– Lengalenga au sombe ya kuzungusha kijiko kimoja kimoja

Kwa chai ya mkesha, vikombe 100 ni bidoni moja ya lita 20 za maji, kilo moja ya sukari na gramu 200 za majani. Uji wa mtama kwa watu 100 ni lita 30, unga kilo tatu na nusu, sukari kilo mbili. Usiku wa Goma ni wa baridi. Vikombe vya uji saa tisa za usiku vina kazi kubwa kuliko kreti ya bia.

Ukitaka nyama badala ya maharagwe, kilo moja yenye mifupa hutoa vipande sita au saba, basi watu 100 wanahitaji kilo 15. Uliza sokoni asubuhi hiyo: kilo moja ya nyama inanunua kilo ngapi za maharagwe? Tuseme jibu ni nne. Kilo 15 za nyama zinakuwa sawa na kilo 60 za maharagwe. Sufuria ya maharagwe ingetumia kilo 10. Tofauti ni kilo 50, na kilo 50 ni sahani 500 za maharagwe. Nyumba ya watu 12, ikila mlo mmoja kwa siku, itafika siku 41.

Rudia hesabu hiyo polepole. Kipande kimoja cha nyama kwa kila mgeni, alasiri moja, ni sawa na sufuria ya jioni kwa wajane na yatima hadi arobaini ipite. Unga sijauhesabu, kwa kuwa unahitajika kwa vyovyote. Na wala sikuambii uwalishe maharagwe siku 41. Fedha hiyohiyo inunue mayai, maziwa, sambaza na matunda.

Hii si dharau kwa marehemu. Tumezoea kusema kwamba mtu mkubwa anazikwa na ng'ombe. Rabani Gamalieli alikuwa mkubwa kuliko wengi wetu, na ukubwa wake ulionekana kwa kuwaondolea mzigo waliobaki.

Mwili wa mfiwa unataka nini

Mtu mwenye uchungu hana njaa, na koo lake hukataa vitu vikavu. Bugali ngumu na nyama choma haviendi. Vinavyokwenda ni vyepesi na vya majimaji: uji, supu ya maharagwe yaliyopondwa, chai ya maziwa, yai la kuchemsha, ndizi mbivu, parachichi, viazi vya Kibumba vilivyopondwa. Mpe kidogo, umrudie baada ya saa mbili. Usimwulize kama anataka. Weka kikombe mkononi mwake, kaa naye.

Teua mtu mmoja ambaye kazi yake ni wafiwa peke yao. Asipakulie mgeni yeyote. Ahakikishe mzee mwenye kisukari hapewi chai ya sukari, mama anayenyonyesha anakula mara tatu, na watoto wanakula kabla ya giza. Trei moja ya mayai 30, ikichemshwa asubuhi na kuwekwa chumbani kwa wafiwa, ni ununuzi mdogo wenye faida kubwa kuliko wote niliotaja.

Sufuria ya watu wote

Familia za hapa zimechanganyika. Katika kilio kimoja utawakuta Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na Waadventista. Nguruwe atawaondoa Waislamu na Waadventista mezani. Kambare atamwondoa Mwadventista. Nyama isiyochinjwa kihalali itamwondoa Mwislamu, na Ijumaa ya Kwaresima nyama yoyote itamwondoa Mkatoliki.

Na mfiwa akiwa Myahudi, kama mfanyakazi mwenzako wa shirika la misaada, au jamaa wa Abayudaya wa Uganda, jumuiya ya karibu na Mbale iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919? Anayeshika sheria za dini yake hali nguruwe wala kambare, hali nyama isiyochinjwa na mchinjaji wao, wala hachanganyi nyama na maziwa. Hata sufuria yako iliyopikia nyama inaweza kuwa tatizo. Usikae mbali kwa sababu hiyo. Peleka matunda mazima, mayai mabichi na chai isiyofunguliwa, au uliza familia na ununue sufuria mpya. Usipange kupeleka chakula Ijumaa jioni au Jumamosi bila kuuliza. Ni Sabato, kama ilivyo kwa Waadventista, na chakula huandaliwa kabla.

Sasa tazama orodha nzima: maharagwe yaliyopikwa kwa mafuta ya mimea, mboga, bugali, matunda. Vyakula hivi vyenyewe havikataliwi na dini hata moja kati ya hizo. Sahani nafuu kuliko zote ndiyo inayowakalisha watu wengi pamoja.

Ununue wapi, uchange vipi

Rutshuru ni shamba la Goma: maharagwe, mahindi, ndizi, soya. Kama kilio kiko mjini na jamaa wanatoka Rutshuru, safari ya kilomita 70 hivi, waambie wasije na mkungu wa ndizi kila mmoja. Gawa: wa Kiwanja alete maharagwe, wa Rugari viazi, wa Rutshuru mjini unga. Kama kilio kiko kijijini, watu wa Goma walete vile ambavyo huko ni ghali: sukari, mafuta, chumvi, sabuni, sambaza kavu. Samaki huyu mdogo aliingizwa ziwa Kivu mwaka 1959 kutoka Tanganyika. Akikaushwa anasafiri vizuri na hahitaji barafu.

Kwa michango, fedha ya simu ni rahisi kutuma, lakini hupungua inapotolewa. Benki za Goma zilipofungwa kwa sababu ya vita mwishoni mwa Januari 2025 na noti zikawa adimu, watu waliokuwa wanatumiwa michango waliona sehemu yake ikiishia kwa wenye kutoa pesa. Njia yenye hasara ndogo ni kumlipa mwenye duka moja kwa moja kwa simu, ukiwa Kinshasa au Ulaya, naye atoe gunia la unga kwa jina la familia. Ukituma fedha, tuma mafungu mawili: moja kabla ya mazishi, la pili siku ya kumi. La pili ndilo litakalopikwa kwa ajili ya mfiwa.

Mfuko wako, uamuzi wako

Mwenye mfuko mdogo: zamu ya majirani kwa siku saba, maharagwe na bugali siku ya mazishi, uji wa mkesha. Usikope.

Mwenye mfuko wa kati: mpishi alipwe kazi ya mikono kwa siku moja, vyakula vinunuliwe na familia, kisha zamu. Weka kando trei ya mayai na maziwa kwa wafiwa.

Mwenye mfuko mkubwa: kodi mtoa huduma kwa mlo mmoja, kwa mkataba ulioandikwa, na mlo uwe wa kawaida ili jirani maskini asione haya zamu yake ikifika. Fedha iliyosalia lipia sahani za mgahawa hadi siku ya arobaini.

Na kama wewe si mfiwa bali ni jirani unayesoma haya leo, usisubiri msiba. Jumapili hii, baada ya misa au ibada, andikeni majina kumi na manne, mchague sahani moja, mkubaliane nani ana sufuria kubwa na nani ana ndoo ya bomba. Karatasi hiyo akabidhiwe katibu wa shirika au mkuu wa nyumba kumi. Siku mtu atakapouliza watu watakula nini, jibu litakuwa limeshaandikwa, na halitatoka kwa mjane.